Samaki wa Mzee Tarsisi

Kituo cha Afya Luhekela,
Ukata, Mbinga.
8 Februari 2024

Mwalimu Evarist Ndunguru,

Habari za kazi. Nimekupigia simu tangu wiki iliyopita na kila mara naambiwa hupatikani. Mkeo anasema shule yako huko Ngumbo iko nyuma ya kilima na mtandao haufiki. Basi nampa barua hii Bernadi, dereva wa gari la samaki, nikiomba ifike kabla mvua haijailowanisha.

Mwanao Tereza amelazwa tena. Ni mara ya tatu. Miguu imevimba, nikibonyeza kidole shimo linabaki. Ngozi ya mapajani inabanduka, nywele zimekuwa nyekundu. Ni utapiamlo, Mwalimu, sina jina lingine la kukupa. Tunampa maziwa ya dawa, uvimbe unashuka, anarudi nyumbani na pakiti zake za chakula dawa. Zikiisha, haupiti muda, mama yake yuko mlangoni kwangu na mtoto yule yule, miguu ile ile.

Niseme ukweli, nimechoka. Nimemwelimisha mkeo mpaka sauti imekauka. Anaitikia "ndiyo daktari" akitazama sakafu. Nikimuuliza mtoto alikula nini jana, anayejibu ni mama yako aliyekaa naye kwenye benchi: "Anakula vizuri tu, daktari." Anakula vizuri, halafu anavimba! Juzi nilimpandishia mkeo Matilda sauti mbele ya wodi nzima. Nilimuuliza kama hajui kulisha mtoto au hataki. Aliinama akamfunika mtoto miguu.

Mimi nimesomea udaktari wa familia. Nilifundishwa kwamba mgonjwa haji peke yake, anakuja na nyumba nzima mgongoni. Lakini hapa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, anataka kila mgonjwa na kadi yake, kila kliniki na siku yake, na nyumba yako siioni. Naona miguu ya mtoto tu. Njoo, Mwalimu. Au angalau uniambie: kwako mnakula nini?

Dkt. Lusekelo Mwaisaka


Ngumbo,
19 Februari 2024

Daktari Lusekelo,

Nimepokea barua yako, nikaisoma mara mbili kwa sababu sikuamini kwamba mtumishi mwenzangu anaweza kuniandikia hivyo.

Mimi si mtu wa kutelekeza familia. Bernadi ni shahidi. Kila gari likipanda huko natuma samaki: usipa waliokaushwa vizuri, na wakipatikana, mbasa wa kubanikwa. Situmi dagaa wa vumbi. Nilinunua kuku wa mayai pale Mbinga mjini nikawapeleka mwenyewe kabla shule hazijafunguliwa. Samaki wapo, mayai yapo. Kama mtoto anavimba, usiniulize mimi, muulize anayepika.

Unasema nije. Mimi ni mwalimu wa taaluma. Darasa la saba wanaingia kambi ya masomo. Uhamisho wa kurudi Mbinga nimeuomba tangu Tereza hajazaliwa na hadi leo naambiwa nisubiri. Nikiondoka bila ruhusa, unaujua utumishi.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Huko nyumbani watu wameanza kusema mtoto amebemendwa, ati mimi na mwenzangu hatukuwa na subira wakati ananyonya, au nina mwanamke huku ziwani na uchafu wangu umemwingia mtoto. Wewe ni msomi, naomba uwaambie hapana. Baba yangu alikuwa katekista. Maneno hayo yakimfikia yatamwua, na hali yake nayo si nzuri siku hizi, ni mambo ya uzee.

Mke wangu nimemwandikia.

Mwl. E. Ndunguru


Ngumbo,
19 Februari 2024

Mama Tereza,

Salamu. Daktari ameniandikia. Nimeaibika mbele ya mtu wa kuja.

Nakuuliza swali moja, na unijibu kwa unyoofu. Samaki ninaotuma wanakwenda wapi? Mama aliwahi kuniambia kwamba ndugu zako wa Kigonsera wanapita hapo mara kwa mara na hawaondoki mikono mitupu. Sikutaka kuamini. Sasa mtoto amelazwa mara tatu, na mimi nafanya kazi nikifikiri analiwa chakula chake na wajomba zake.

Nijibu.

Evarist


Luhekela,
2 Machi 2024

Baba Tereza,

Nimekaa na barua yako siku nyingi kwa sababu kila nikianza kujibu hasira inanifanya nichane karatasi. Nimeificha kwenye gunia la mbegu, maana humu ndani hata simu ni ya Mama, na kila neno lina wasikilizaji.

Ndugu zangu hawajala hata kichwa cha samaki wako. Kaka yangu alipita mara moja, wakati wa msiba wa shangazi, akanywa maji.

Anayekula samaki wako ni Baba, baba yako.

Usishtuke. Baba ana sukari. Wewe unasema uzee, lakini ni sukari, aligunduliwa mwaka jana, na Mama alikataza usiambiwe ukapata mawazo. Daktari Lusekelo huyo huyo ndiye anayemtibu. Alimwambia apunguze ugali, ale samaki, ale yai, ale maharage na mboga nyingi. Mama aliyashika maneno hayo kama amri za Mungu. Kaka yake Baba si alikatwa mguu Songea kwa sukari hii hii, akafa kabla ya mavuno? Basi Mama hataki kulisikia hilo tena. Samaki akifika, anafungiwa kabatini. Yai likitagwa, Mama analifuata huku kuku anatetea. Maharage yaliyobaki tangu mavuno ni ya Baba, mapya hayajakomaa. Sisi tunakula ugali na majani ya maboga, na siku nyingine ugali na maji ya chumvi. Zile pakiti za hospitali, Mama alisema ni kama karanga tu, naye Baba zitamtia nguvu.

Na Baba hajui. Yeye anakula peke yake sebuleni, mlango umerudishwa, ndivyo anavyopewa heshima yake. Mama anamtoa Tereza nje kabla sahani haijapita, asije akazoea kuombaomba. Ninayempikia samaki huyo ni mimi. Ninachokipata ni kuonja chumvi.

Ningesema nini? Mimi ni mkwe hapa. Nikisema, itakuwa nimemhesabia baba mkwe tonge. Nikimwambia daktari, Mama amekaa pembeni yangu, magoti yetu yanagusana. Daktari akanifokea mbele ya watu, kwamba sijui kulisha mtoto wangu. Na wewe unaniita mwizi.

Usimwandikie Baba. Usimwandikie Mama. Njoo mwenyewe uzungumze nao, wewe ni mtoto wao. Hili si jambo la karatasi.

Matilda


Ngumbo,
9 Machi 2024

Daktari,

Naandika nikiwa na aibu. Mzee unayemtibu sukari, Tarsisi Ndunguru, ndiye baba yangu. Tereza ni mjukuu wake, wanaishi nyumba moja. Masharti ya chakula uliyompa mzee ndiyo yaliyommalizia mtoto chakula. Mke wangu amenieleza yote, na nakuambatanishia maneno yake kwa ufupi nyuma ya karatasi hii.

Nakuomba jambo moja. Zungumza nao wewe. Wewe ni daktari, baba atakusikiliza. Mimi nikiwa mwanawe, kumwambia baba yangu "umekula chakula cha mwanangu" ni neno ambalo sijui nitalitoa kwa mdomo gani.

Evarist


Luhekela,
18 Machi 2024

Mwalimu,

Nimeisoma barua yako nikiwa kliniki ya watoto, nikaomba radhi nikatoka nje.

Jumanne ni siku ya wagonjwa wa sukari. Kila Jumanne ya zamu yake anakuja mzee mmoja safi, katekista mstaafu, kofia mkononi, na sukari yake inashuka vizuri. Nimemsimamisha mbele ya wenzake nikasema, "Mtazameni mzee huyu, anafuata masharti!" Wakampigia makofi. Alhamisi ni siku ya watoto, nami namfokea mkwe wake. Huku kila wa pili ni Ndunguru, sikuwahi kuuliza. Daktari wa familia, mimi! Nilikuwa nampigia mzee makofi kwa chakula cha mwanao.

Nilikwenda kwako juzi. Mzee alikuwa shambani kwenye kahawa. Mama yako alinipokea vizuri, nikapewa kiti na chai. Nikamwambia kwamba mtoto naye anahitaji samaki, tena kuliko mtu yeyote humo ndani.

Akaniuliza, "Daktari, maneno ya samaki na yai si uliyasema mwenyewe?"

"Niliyasema, Mama."

"Shemeji yangu alikatwa mguu, nikamwosha mimi. Unataka na huyu?"

"Sitaki. Nataka wale wote."

"Mtoto atakua," akasema. "Mzee hakui tena."

 Nilitaka kukasirika nikashindwa kujua nimkasirikie nani. Mke wako alileta sukari, akaweka kikombe, akarudi jikoni bila kuinua macho, na nilijua kwa nini haniangalii.

Mganga mfawidhi nimemwomba niwaone watu wa nyumba moja siku moja, chumba kimoja. Alisema nitavuruga takwimu zake. Tumegombana. Mwishowe amenipa chumba cha chanjo Jumamosi baada ya Pasaka, tarehe sita Aprili. Nitawaita wote: mzee, mama, Matilda na mtoto.

Na wewe. Unanitaka nikusemee kwa baba yako. Mwalimu, mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe, nimekuja huku kwa barua ya ajira. Naweza kumwambia mzee sukari yake ni ngapi. Siwezi kuwa mwanawe. Njoo.

Lusekelo


Luhekela,
2 Aprili 2024

Mwalimu Evarist,

Ulimwandikia nini baba yako?

Bernadi alimkabidhi barua yako Ijumaa Kuu baada ya Njia ya Msalaba. Mkeo anasema aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala. Jioni akaikataa sahani. Mama yako alidhani ni mfungo. Jumamosi akaikataa tena. Siku ya Pasaka watu wanakula, yeye akanywa maji. Hakumwambia mtu kwa nini. Lakini vidonge vyangu, kwa kuwa ni mtu wa kutii masharti, hakuviacha hata kimoja.

Unajua vidonge vile hufanya nini kwenye tumbo tupu? Huishusha sukari mpaka mtu anazimika kama kibatari. Jana Matilda alimkuta shambani kwenye shina la kahawa, jasho linamtiririka, anamwita mtu ambaye hakuna anayemjua. Walimleta kwa pikipiki, ameshikiliwa katikati. Nilimwekea dripu ya sukari, na mpaka anafumbua macho mimi nilikuwa nimesahau lugha zote isipokuwa ya mama yangu.

Yu hai. Anaongea. Wa kwanza aliyemuulizia ni Tereza.

Nilikuomba uje, ukatuma karatasi. Sina la kuongeza.

Lusekelo


Luhekela,
14 Aprili 2024

Mwanangu Evarist,

Amani ya Bwana iwe nawe. Mimi nina nafuu. Mkono bado mzito, utanisamehe mwandiko.

Nimepata habari kwamba hukuja tarehe sita kwa ajili ya kambi ya darasa la saba. Sawa. Daktari aliweka kiti chako makusudi, kikakaa wazi katikati yetu, na kila aliyeingia alikizunguka.

Nikueleze yaliyotokea, kwa sababu uliyataka yafanyike bila wewe kuwepo.

Tulikaa kwenye chumba cha chanjo, chini ya picha za watoto. Mimi na mkwe wangu katika chumba kimoja na magonjwa yetu! Nilimwambia daktari kwamba hiyo si desturi. Akasema anajua, naye anaomba radhi, lakini maradhi ya nyumba yetu hayakuuliza desturi. Halafu akamgeukia mama yako. "Mama," akasema, "tupakulie chakula cha jioni kwa maneno. Sahani kwa sahani."

Mama yako akapakua. Ya kwanza ya mzee: samaki, yai, maharage. Ya pili yake mwenyewe: ugali na mboga. Ya tatu, ya mkwe na mtoto. Hapo akashika pindo la kanga. Daktari hakumsaidia.  Mama yako akafunika uso kwa kanga akasema, "Nilitaka nisiwe mjane." Basi. Mwanamke niliyeishi naye tangu kanisa la zamani lingalipo, sikuwahi kumsikia akilia vile.

Evarist, mimi nilidhani wote wanakula ninachokula. Nilikuwa nafunga mlango, nabariki chakula, nakula. Sikuwahi kufungua mlango kuuliza wengine wana nini. Hilo ni langu, na nimelipeleka kwa padri. Lakini wewe uliniandikia kana kwamba nilijua. "Baba, mwachie mwanangu chakula." Ndivyo ulivyoandika. Mtu niliyekubeba begani kushuka Mbinga kukuandikisha shule. Si sukari iliyoniangusha kwenye kahawa.

Daktari alitupima wote. Alivuta chini kope la jicho la Matilda, akatuonyesha ndani: peupe kama karatasi. Damu haimtoshi. Huyu ndiye anayepalilia, anachota maji na kunipikia. Mama yako naye presha iko juu, hakuwahi kuipima kwa kuwa kila siku alikuwa anahangaikia sukari yangu. Kumbe tulikwenda wagonjwa wanne, tukidhani tuna wawili.

Kisha daktari alisimama mbele ya Matilda. Akasema, "Dada, nilikufokea mbele ya watu. Leo nakuomba radhi mbele ya watu wako. Ulikuwa unajua, mimi ndiye nilikuwa sijui."  Matilda alivuta kanga yake.

Vidonge vyangu vimepunguzwa. Masharti sasa si yangu, ni ya chungu. Chungu kimoja, mboga nyingi, maharage tutapanda na kwenye ngoro, yale mashimo yetu ya kilimo ya juu mlimani. Chumvi kidogo kwa ajili ya mama yako. Samaki anagawanywa mbele ya macho ya wote, na mtoto anaanza. Sebule nimeiacha. Nakula jikoni, kwenye kigoda. Jirani yetu Notburga ameniona, akauliza kama mke wangu amenifukuza.

Mtoto anaketi karibu yangu. Siku mbili za kwanza alikuwa ananiogopa, anatazama mlango, akingojea kutolewa nje. Hilo sitalisahau.

Daktari anasema si rahisi, tutateleza. Juzi nilimkuta mama yako ameficha yai ndani ya unga, ati la akiba yangu. Tuligombana mpaka nikachoka. Hofu haiponi kwa dripu moja.

Siandiki ili nikulaani. Lakini usinitumie tena barua yenye neno ambalo hungeweza kulisema ukiwa umekaa mbele yangu.

Baba yako,
Tarsisi


Luhekela,
9 Juni 2024

Baba Tereza,

Bernadi amefika na samaki, barua yako na kitenge. Samaki tumewaweka kwenye ungo, jikoni, kila mtu anawaona. Kitenge ni kizuri, nimekikunja nikakiweka.

Tereza uvimbe umekwisha na haujarudi, na wiki hii daktari amemwondoa kwenye orodha ya wagonjwa. Anatembea mpaka kwa Notburga na kurudi. Jana alimpokonya babu yake kipande cha samaki mkononi, akakitia mdomoni chote. Mama alipiga kelele. Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi niliingia chumbani nikalia, na sikujua nalilia nini.

Damu yangu imepanda kidogo, bado nameza vidonge vyekundu. Mama anakwenda kupima presha, akirudi ananitajia namba kama mtoto aliyefaulu mtihani. Siku nyingine anasahau na kuniwekea kipande kikubwa kwenye sahani, halafu anageuka upande. Nadhani hiyo ndiyo radhi yake. Siwezi kumlazimisha itoke kwa maneno.

Daktari amepewa siku moja kwa mwezi ya kuona watu wa nyumba moja kwa pamoja. Siku ya kwanza zilikuja familia mbili, na moja iliondoka kwa kuwa baba mwenye nyumba alikataa kukaa chumba kimoja na mama mkwe wake. Daktari alipita hapa akiwa amekasirika, akatuelezea, Baba akamwambia, "Mvumilie, mimi mwenyewe ilibidi kwanza nizimie."

Sasa barua yako. Umeandika kurasa tatu, Kiswahili kizuri cha mwalimu. Unasema ulikuwa mbali, unasema hasira, unasema uhamisho. Mahali ulipoomba msamaha ni mstari mmoja, mwishoni, pamoja na salamu za watoto wa shule.

Uliniita mwizi wa chakula cha mtoto niliyemzaa. Mama ndiye aliyekutia neno hilo, na mpaka leo hajui kwamba umeliacha, kwa sababu umeniandikia mimi peke yangu, kwa siri. Daktari asiye ndugu yangu aliniomba radhi mbele ya watu. Baba yako, mzee yule, aliniita jikoni akavua kofia.

Shule zimefungwa. Kambi imekwisha, Bernadi ameniambia, usimfundishe uongo. Gari linapanda Ijumaa. Nafasi mbele ipo, nimekwisha kumwomba asiiuze.

Njoo ukae kwenye kigoda, mama yako akiwepo, useme kwa mdomo wako kwamba Matilda hakuiba. Usije na samaki. Miguu ya Tereza imepona. Mimi bado.

Matilda